Gawio la Cyubahiro

Kila baada ya miezi mitatu marehemu Cyubahiro alimtumia mama yake pesa. Ndivyo alivyosema mama mwenyewe, Nyirarukundo, kwa majirani wa Shively, huko Marekani, na kwa akina mama wa kanisa, bila kupepesa jicho. Simu ikilia kumjulisha kwamba pesa imeingia benki, aliinuka, akafungua mlango wa mbele hata kama nje ni theluji tupu, akasema, "Karibu, mwanangu," akauacha wazi kwa muda ambao mtu mzima angehitaji kuvua viatu. Kisha akaufunga. Siku hiyo alipika chakula cha watu wawili.

Kwa kweli lilikuwa gawio la hisa. Cyubahiro alifia barabarani, alfajiri yenye barafu, akielekea kwenye zamu yake ya ghala, na bima ya maisha aliyokuwa akikatwa kwenye mshahara ikamlipa mama yake dola hamsini elfu. Familia ikakaa kikao. Kwao, kwenye milima ya Kivu Kusini, mtu akikupa ng'ombe amekuwa ndugu yako. Humsahau, na ng'ombe wake humwondoi ukampeleka kwenye zizi la mtu mwingine kana kwamba umemwokota. Kampuni ya bima imetupa ng'ombe, wazee wakasema. Basi tukae nayo. Katika kikao kile hakuna aliyecheka. Mizero, mdogo wa marehemu, ndiye aliyejua Kiingereza na kompyuta. Alifungua akaunti kwa jina lake mwenyewe, akanunua hisa za kampuni ileile iliyolipa kifo cha kaka yake. Tena ilikuwa na kiwele: katika kampuni zote za bima alizozitazama, hakuna iliyogawa faida nene kama ile. Kila gawio aliliingiza lote benki kwa mama yake.

Kiwele kilikuwa cha kweli. Ila bei ya hisa haikukua. Ilisimama mwaka wa kwanza, ikasimama wa pili, wa tatu ikaanza kurudi nyuma, na katikati ya mwaka 2015 kampuni ikalikata gawio nusu kwa nusu. Mizero alituma nusu hiyo Shively kama ilivyokuja. Jioni hiyohiyo mama yake akampigia simu.

"Ndugu yako amenikasirikia," alisema. "Ameleta kidogo. Na mlangoni hakuingia."

Akaacha kula. Akina mama wa kanisa walimpelekea ugali na maziwa, wakavikuta kesho yake mezani vimefunikwa. Basi Mizero akaanza kujaza pengo kwa mshahara wake, na marehemu akaendelea kutuma kama zamani.

*

"Mimi nimeolewa na ndugu wawili," Umutesi alimwambia mumewe. "Mmoja yuko hai, hana kitu. Mwingine amekufa, ndiye anayeleta."

Walikuwa jikoni kwao Linden, upande wa Columbus ambako kodi ilikuwa bado nafuu na madirisha yalipitisha upepo hata yakifungwa. Umutesi alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, na mgongo ulimuuma kwa kuinua watu wazima. Alikuwa amesimama mbele ya jiko amefungua mlango wa oveni ili chumba kipate joto. Binti yao Isaro alikaa mbele ya joto lile na koti lake, akitazama katuni kwenye simu.

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto," Mizero alisema.

"Mtoto haelewi. Ukimuita kwa Kiswahili anakujibu Kiingereza. Bon, niambie wewe unayeelewa. Gari halina breki. Hita imekufa tangu kabla ya Krismasi. Mwezi huu tena umetuma?"

"Nimetuma."

"Umetuma, au ametuma?"

Mizero aliitazama mikono yake. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mkewe. Kila alipobonyeza kutuma pesa ile, mkono wake ulifanya kitu ambacho haukuwa ukifanya zamani: kidole kidogo kilijikunja chenyewe, jinsi kidole cha Cyubahiro kilivyokuwa kimejikunja tangu utotoni. Alikuwa akikitazama kama mtu anayemtazama mgeni ndani ya glavu yake.

"Mama yako amepiga," Umutesi alisema, sauti yake imeshuka. "Mwenye nyumba anauza. Anampa nafasi ya kwanza kwa sababu amekaa vizuri. Anataka elfu thelathini mkononi, nyingine alipe kidogo kidogo kila mwezi. Asipopata jibu kabla ya wiki kwisha, anampa mtu mwingine, na mama atoke."

"Mama amesema nini?"

"Amesema Cyubahiro hajui njia ya nyumba nyingine."

Mizero alivuta kiti akakaa. Isaro alicheka kwa sababu ya katuni yake, kicheko kikubwa, na wote wawili wakashtuka.

"Uza zile hisa, Papa Isaro," Umutesi alisema. "Nakuomba. Mimi nilimpenda shemeji yangu. Lakini nimechoka kuogopa siku ya gawio."

*

Hisa za marehemu haziuzwi na mtu mmoja, kama vile ng'ombe wa marehemu hauzwi na mtu mmoja. Mizero alimpigia baba yake mdogo, Ruta, aliyeishi Buffalo, Lower West Side, katika chumba cha juu cha nyumba ya mbao, na kufanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki.

Ruta alikuwa akisubiri simu ile kwa miaka minne.

"Nilisema nini kwenye kikao?" alianza, hata salamu hazijaisha. "Sikusema? Nilisema kuna bima na bima. Ile ya maisha inagawa sana kwa sababu haina pa kukulia. Inapata pesa, haijui iifanyie nini, inawagawia nyinyi mfurahi. Mimi nikanunua ile ya magari na nyumba. Gawio lake dogo, mkanicheka. Shemeji, mama yako, akasema ng'ombe wangu ni dume. Leo bei yake imefika wapi?"

"Sijui, baba mdogo."

"Imekaribia mara mbili! Nilinunua kwa jasho langu la plastiki, imekaribia mara mbili. Na yenu?"

"Imeshuka kama robo."

"Donc, piga hesabu. Chukua gawio lote mlilokula miaka hii, lijumlishe na bei ya leo. Unapata nini?"

Mizero alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo mara nyingi, wakati wa zamu zake ghalani, mashine ya kupanga maboksi ikinguruma masikioni. "Napata kama kile tulichoanza nacho."

"Kabisa! Kwa hiyo hamkunywa maziwa. Mlikuwa mnakata nyama ya paja la ng'ombe akiwa hai, mnasema maziwa haya ni matamu."

Mizero aliisogeza simu mbali na sikio. Nje, gari moja lilipita limejaa muziki. Alimkumbuka kaka yake akila na soksi za kazi miguuni, akilalamika juu ya kuku wa Marekani kwamba hana mfupa.

"Nakuja," Ruta alisema. "Napanda basi hadi kwako, twende wote Shively. Mimi nitamwambia. Wewe huwezi, wewe unamuogopa mama yako."

"Simuogopi mama."

"Basi unamuogopa nani?"

*

Walipofika Shively, Nyirarukundo alikuwa nje. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki juu ya nyasi, na baridi ile, amejifunga kitenge juu ya koti, na mapajani amepakata mabuti ya kazi ya Cyubahiro.

"Mama! Unafanya nini huku nje?"

"Wameniambia nitoke kidogo. Kuna watu wanatazama nyumba."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani walisikika mwanamume na mwanamke wakizunguka na viatu vyao, pamoja na dalali aliyevaa tai nyembamba. Mwanamke alifungua kabati la chumba cha nyuma, akasema kitu kuhusu harufu. Mwanamume akacheka, akasema rangi itaimaliza. Mizero alielewa kila neno. Alishukuru Mungu kwamba mama yake haelewi, kisha akamtazama usoni akajua kwamba kicheko hakihitaji mkalimani.

"Mabuti haya nimeyatoa," mama alisema. "Sikutaka wayashike."

Dalali alitoka, akamwona Mizero, akatabasamu meno yote. Alimuuliza kama yeye ndiye mtoto anayezungumza kwa niaba ya bibi. Alisema nyumba inapendwa, kwamba yeye binafsi angependa bibi abaki, kwamba anahitaji jibu leo au kesho. Alipokuwa akisema alimpigapiga Nyirarukundo begani, kama mtu anayepigapiga gari kabla ya kulinunua. Kwao, mtu hamgusi mwanamke wa umri ule kabla hajapewa mkono. Mizero alisema, "Asante, bwana," kwa Kiingereza kizuri, akajichukia.

Wageni walipoondoka waliingia. Nyirarukundo alipangusa nyayo zao sakafuni kwa kitambaa chenye maji, akipiga magoti, wala hakukubali kusaidiwa. Kisha akachemsha maziwa, akawapa vikombe, akakaa. Kwenye sofa kulikuwa na nafasi ya watu watatu. Walikaa wawili pembeni, yeye kwenye kiti. Ruta alipotaka kusogea katikati, mama alisema, "Hapo acha," na Ruta akarudi pembeni.

"Shemeji," Ruta alianza, "nimetoka mbali, sitazunguka. Hisa za mtoto tuziuze. Ziwe nyumba hii."

"Mtoto haziuzi."

"Shemeji, mtoto amekufa."

"Nani amekwambia sijui? Wewe ulimzika? Mimi ndiye nilimvalisha soksi." Alipuliza maziwa yake. "Uza zako, Ruta. Si umesema zimenenepa? Tukopeshe, tununue nyumba."

Neno hilo lilimchoma Ruta. Aliweka kikombe chini. "Zangu bado zinakua. Mtu hauzi ndama anapokua."

"Miaka minne zimekulisha nini?"

"Bei imekaribia mara mbili, shemeji!"

"Nimeuliza zimekulisha nini. Fungua mdomo. Meno ya upande huo yako wapi? Yalikuuma kanisa zima likachangisha, ukakataa kuuza hata hisa moja uongeze, ukasema utangoja, bei inapanda. Mke wako alikaa baridi mbili bila koti la maana hadi akaenda kwa dada yake. Yangu ilikuwa inakonda lakini nilikunywa. Yako inanenepa ndani ya simu, wewe unaitazama kama picha ya harusi ya mtu mwingine."

Ruta alitaka kucheka, akafumba mdomo kuficha pengo la meno, na kwa mara ya kwanza Mizero akamwona baba yake mdogo kuwa mzee. Wote wawili walikuwa na haki. Hilo ndilo lililomtisha. Mmoja alikula ng'ombe wake polepole, mwingine alikuwa akifa njaa akimtazama wake akikua, na kampuni zote mbili za bima zilikuwa huko kwenye majengo yao ya vioo, hazijui kama kuna sofa Shively ambayo nafasi yake ya katikati haikaliwi.

"Mama," alisema, "kuna jambo la hizo pesa."

"Najua."

"Hujui, mama."

"Zamani pesa ilikuja siku yoyote. Mara Jumanne, mara Alhamisi. Tangu mwaka jana inakuja Ijumaa. Na Ijumaa ndiyo mnalipwa nyinyi wa ghala. Marehemu hapokei mshahara, Mizero."

Ruta alimtazama Mizero. Hata yeye hakuwa na habari.

"Ulijua," Mizero alisema taratibu, "na bado ukafungua mlango?"

Nyirarukundo alipitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe. Aliposema tena, alisema kama anayejisemea.

"Ndama akifa, kule kwetu, ng'ombe anafunga maziwa. Basi tunamchuna yule ndama, ngozi tunaijaza majani makavu, tunaisimamisha mbele ya mama yake. Anaanza kuilamba, maziwa yanashuka. Nyinyi wanaume mlikuwa mnasema ng'ombe ni mjinga, amedanganyika. Mimi nilikuwa nakamua. Nilikuwa na shavu langu hapa, kwenye ubavu wake. Ng'ombe hadanganyiki. Ananusa. Anajua hayo ni majani. Analamba tu, kwa sababu asipolamba atabaki na nini?"

"Mama."

"Nilijua ni wewe. Nilifungua mlango nikasema karibu, mwanangu. Sikutaja jina. Ungesikiliza vizuri ungejua sikutaja jina. Nilitaka kutaja lako, likanikwama hapa." Aligusa koo. "Niliona nikitaja lako, yeye atasikia, ataona nimeshambadilisha."

Mizero alikiangalia kidole chake kidogo. Kilikuwa kimejikunja tena. Akakinyoosha kwa mkono mwingine, taratibu, kama anayemfungua mtu vishikizo.

"Mtoto wako anakaa na koti ndani ya nyumba," mama aliendelea. "Umutesi aliniambia. Hakutaka, nilimlazimisha. Nikasema, kumbe mimi nakunywa maziwa ya Isaro." Alimgeukia moja kwa moja. "Leo ni bei gani?"

"Mama, bei ni kitu cha—"

"Bei gani?"

"Zote pamoja, elfu thelathini na saba na kitu."

"Walinipa hamsini."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo amepungua."

"Hakupungua, shemeji," Ruta alisema. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele zake zote. "Ulimnywa."

Mizero alifikiri mama yake atalia au atamfukuza Ruta. Nyirarukundo aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayekubali mzigo aliopewa kwa haki.

"Nilimnywa," alisema. "Ndiyo. Mizero, uza."

*

Soko la hisa linafungwa saa kumi jioni. Ilikuwa bado mapema. Mizero alitoa simu, akafungua akaunti, akaandika idadi ya hisa zote, na bei. Mikono yake ilikuwa mikavu. Alikuwa ameliogopa jambo hili mwaka mzima, na sasa lilikuwa vitufe tu.

"Nibonyeze?"

"Ngoja." Mama alihamia kwenye sofa. Alikaa katikati, kati ya mwanawe na shemeji yake, pale pasipokaliwa. Ruta alijikunja kumpisha. "Nani anamnunua?"

"Hatujui, mama. Mtu tu. Labda si mtu hata, labda ni kampuni, labda ni kompyuta."

"Haonekani?"

"Haonekani."

"Anajua ni mtoto wangu?"

"Hapana, mama. Hawezi kujua."

Nyirarukundo akasema, "Ng'ombe akihama zizi, anayempokea lazima aambiwe jina lake. La sivyo atamuita na hataitika, atapotea. Baba yenu hakuwahi kuuza ng'ombe bila jina. Ruta, nasema uongo?"

"Husemi uongo, shemeji," Ruta alisema.

"Bonyeza."

Mizero akabonyeza. Kwa muda kidogo hakikutokea kitu. Kisha mstari mmoja ukajitokeza kwenye kioo: hisa mia mbili zimenunuliwa.

"Zote zimeenda?" mama aliuliza.

"Bado. Ni mia mbili tu. Kuna mtu amechukua hizo. Wengine watachukua nyingine."

"Wanamgawana."

Mizero angeweza kumweleza kwamba hisa nyingi huuzwa hivyo, vipande vipande, kwamba haimaanishi kitu. Alijua Kiingereza chake chote na kompyuta yake yote, na hakuweza.

Mama alichukua simu kutoka mkononi mwake. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo, kama mtu anayesema na simu ya mbali yenye mtandao hafifu.

"Cyubahiro," alisema. "Anaitwa Cyubahiro."

Mstari wa pili ukatokea. Mia moja.

"Huyu pia umwambie," Ruta alinong'ona. Alikuwa amevua kofia.

"Cyubahiro."

Mia tano. Akalitaja. Kisha hamsini, kipande kidogo, cha mtu mdogo mahali fulani, na huyo naye akamtajia kwa ukamilifu uleule, bila kumpunja. Nje dalali alikuwa amerudi, ameegesha gari, anawatazama kupitia dirishani na karatasi zake mkononi, na hakuna aliyempa ishara aingie. Mizero alihesabu moyoni kilichobaki, akaona kinapungua, akahisi ubaridi ukitoka kwenye sofa, mahali pale mama alipokaa, kama mtu mwingine ameinuka hapo bila haraka.

Mia nne. Mia tatu. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kukauka lakini hakuomba maji. Halafu ukatokea mstari wa mwisho, na chini yake neno la Kiingereza la kusema imekwisha. Mizero alimwonyesha kwa kidole.

"Huyu ndiye wa mwisho, mama."

Nyirarukundo alilamba midomo. Akalitaja jina mara ya mwisho polepole, kipande baada ya kipande, kama mtu anayemfundisha mgeni kutamka.